Mchanga wa Chini ya Ukingo

Ghati mwanangu,

Nakuandikia mchana kweupe, kwenye meza ya jikoni. Wewe na mama yako mmekwenda Mugumu kutafuta begi ambalo zipu yake haitakufa kabla hujafika Mbeya. Nimemsikia mama yako akianza kukupangia maisha kabla hata hamjapita kwenye ua wa katani: godoro, ndoo, dawa za malaria, namba ya yule mchungaji wa huko ambaye hata sisi hatumjui vizuri. Hayo yana mwenyewe. Mimi sitayagusa.

Nilikuwa na barua nyingine. Nimeiandika tangu Jumapili, kidogo kidogo, ina maneno mazuri ya kusoma kwa bidii na kujiheshimu. Leo saa nne nimeichana. Asubuhi hii hapa uani kumetokea jambo, wewe ukiwepo, wewe ukicheka, na hukujua kwamba limetokea. Mimi limenipiga kama radi. Utaona mwenyewe mwandiko wangu ulivyo. Nimeosha uso mara mbili, nimekunywa maji, ndipo nikakaa kuandika. Ili ulielewe lazima nianzie mbali kidogo, univumilie.

Unakwenda kusomea ujenzi. Siku moja utasimama juu ya shimo umevaa kofia ngumu, na chini kutakuwa na watu wanaosubiri useme neno. Afadhali ujue baba yako alisema neno gani alipokuwa amesimama hapo.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikaa kule karibu na lango la hifadhi la Ikoma, kwenye vile vyumba viwili vya wafanyakazi, na mimi nilikuwa mtunza bustani wa Kapteni. Najua unamkumbuka kwa ajili ya pipi zake. Alikuwa rubani mstaafu, mtu wa kuja, aliyerusha ndege ndogo za watalii miaka mingi mpaka akaipenda nchi hii akajenga. Hakuwa mtu mbaya. Nakuambia mapema usije ukaanza kumtafutia kosa ili kuniokoa mimi. Najua tabia yako.

Mwaka ule Kapteni alitaka kiwanja cha gofu nyuma ya nyumba. Si kile kikubwa ambacho watu wanatembea nusu siku. Alitaka kile kipande cha mwisho tu, chenye shimo na kibendera, ambapo mtu anasukuma kijipira taratibu kwa fimbo mpaka kiingie. Nyasi za kweli zilitushinda. Mchwa walikula kwa chini, ngiri walifukua kwa juu, na jua likamalizia. Basi akaagiza nyasi bandia. Zulia lilikuja kwa lori kupitia mpaka wa Sirari, limeviringishwa kama mkeka wa jitu, na wewe ulilipanda ukasema umepanda mamba wa kijani.

Nilidhani ukishalitandika umemaliza. Kumbe nyasi za plastiki nazo zinataka kushibishwa. Unamwaga mchanga juu yake, unausugua kwa ufagio mgumu mpaka ushuke katikati ya nyuzi, ndio unaozisimamisha zisilale, na uzito wake ndio unaolikalisha zulia lisijikunje. Ukiweka mchanga kidogo, kijipira kinajikokota kama kimechoka. Ukiuzidisha, kinateleza kama kwenye sakafu ya saruji. Na si mchanga wowote. Karatasi iliyokuja na zulia ilieleza, Kapteni akanisomea: chembe ziwe za mviringo, zilingane ukubwa, ziwe safi, zisiwe na udongo.

Kisha akaikunja karatasi akanipa. "Mwita," akasema, "mchanga nakuachia wewe. Wewe ndiye unayeijua ardhi ya hapa."

Ghati, mimi nimeishia darasa la saba. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa panda hapa, ng'oa pale, mwagilia hiki. Hakuna mtu aliyewahi kuniachia kitu nichague. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mwenyekiti wa kijiji.

Nikaleta ndoo tatu. Ya kwanza ilikuwa na chembe nyeusi za matairi yaliyosagwa, mabaki ya uwanja wa kuchezea watoto kwenye hoteli ya jirani. Nikaziweka kwenye kipande cha zulia saa sita mchana, nikagusa, nikarudisha mkono kwa kasi. Na kijipira kilidunda juu yake kama chura. Ndoo ya pili ilikuwa na mchanga wa mashine, ule unaotoka kwenye kokoto zilizopondwa. Unameremeta vizuri, lakini chembe zake zina makali kama chupa iliyovunjika. Nikausugua siku nzima kwa ufagio, jioni nikakuta nyuzi za kijani zimekatika zimeshikwa na ufagio. Ya tatu ilikuwa mchanga wa korongo. Nikautia kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikasubiri. Maji yakabaki kama chai ya maziwa. Nikauosha mara tatu, nikatikisa tena, yakatakata. Nikaazima miwani ya Kapteni ya kusomea nikazitazama chembe zake juani. Zilikuwa za mviringo, zimelambwa na maji miaka na miaka.

Mwezi ule sikuwa na habari nyingine mdomoni. Mama yako akaniuliza mezani, "Sasa huo mchanga utauoa lini?" Wewe ukacheka ukamwagikiwa na uji. Mimi nilikasirika kweli. Naliandika hili ili uone mahali ambapo jambo lilianzia. Halikuanzia korongoni.

Baba yako mdogo Marwa ndio kwanza alikuwa ametoka Nyangoto. Alikuwa amechimba dhahabu kule kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo tangu ujana wake, mpaka mgogoro wa eneo ukawaondoa. Nilimwombea kibarua kwa Kapteni anisaidie kazi ya kiwanja. Alikuwa amemwoa Bhoke mwaka uliotangulia, na jioni alikuwa anacheza winga ya kushoto kwenye timu ya kijiji. Watu walikuwa wanaacha kunywa ili wamtazame akikimbia. Wewe unamjua mwenye mguu mmoja tu. Nataka umjue na huyo mwingine.

Mchanga wa juu korongoni ulikuwa mchanganyiko: mkubwa, mdogo, vipande vya mawe, majani. Ilibidi kuuchekecha mara tatu, na ndoo nzima ilikuwa inakupa makopo mawili. Siku ya pili ndipo nikaona, chini kabisa ya ukingo, tabaka jeupe lenye unene wa mkono mmoja. Chembe zote saizi moja, kama chumvi. Mto ulikuwa umeshatuchekechea. Nikauchukua kiganjani, nikahisi kama nimeokota dhahabu. Nikamwambia Marwa, "Huu ndio. Mwingine sitaki."

Kuupata ilibidi uchimbe kwa kwenda ndani, chini ya ukingo wenyewe. Ukingo ulikuwa mrefu kuliko watu wawili waliobebana mabegani. Siku mbili tulichimba na pango likaongezeka, mpaka mtu akawa anapiga magoti na kuingia mwili mzima ukabaki nyayo tu nje. Mimi nilikuwa nasukuma toroli. Aliyekuwa anaingia ni yeye.

Siku ya tatu ya kuchimba pale, saa tisa hivi, alitoka, akapanda juu ya ukingo, akakaa huko muda kidogo, akashuka.

"Kaka, juu kuna ufa. Mkono unaingia."

"Ni kiangazi," nikasema. "Ardhi yote imepasuka."

"Ufa wa jua unakwenda hovyo hovyo. Huu umefuata ukingo. Kule machimboni tukiona hivi tunatoka, hata kama kuna mali ndani."

"Bado toroli mbili tu."

"Tuchukue wa juu tuchekeche. Zitatuchukua siku tatu, sawa, lakini tutakuwa juani."

"Wageni wa Kapteni wanakuja Jumamosi."

Akacheka, unajua anavyocheka. "Waje bwana. Kijipira chao kitafika tu."

Ni kile kicheko kilichoniudhi. Nilisikia kama anaucheka mchanga wangu, karatasi yangu, jambo pekee nililowahi kuachiwa. Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yenyewe, sijapunguza hata lile neno letu la kumwitia kijana: "Mura, umekaa chini ya ardhi miaka yote hiyo unatafuta dhahabu, leo unaogopa mchanga? Ingia. Toroli mbili tumalize."

Akanitazama. Mimi ni mkubwa wake. Ndiye niliyemtafutia kibarua. Akapiga magoti, akaingia.

Siku zote nilidhani ukingo ukianguka utalia. Haukulia. Ulikaa tu, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Nilikuwa nimeshika mikono ya toroli, na mbele yangu palipokuwa na pango pakawa na kilima, na vumbi likapanda polepole.

Sikupiga kelele, Ghati. Sikukimbia. Nilisimama. Nilikuwa natazama mpini wa beleshi uliotokeza kwenye udongo na nilikuwa nawaza, kabisa, kwamba huo mpini utaharibika. Sijui nilisimama kwa muda gani. Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Ndipo nikaanza kuchimba kwa mikono, maana niliogopa beleshi lingemkata. Wachungaji wawili wa ng'ombe waliona vumbi wakaja. Kwa bahati alikuwa ameshaanza kutoka. Kichwa na kifua tulivifikia mapema, akavuta pumzi moja yenye sauti ya gunia linaloburutwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa na bonge la udongo lenye mizizi, zito kama ng'ombe.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya Kapteni. Siku ya pili waliukata mguu chini ya goti. Siku tatu hakujitambua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Jioni ile ile ya kwanza, Bhoke alifika hospitali. Kanga yake ilikuwa imevaliwa nje ndani. Alinikuta kwenye benchi la koridoni, mikono yangu bado ina udongo kwenye kucha. Hakunisalimia. Akasema, "Nani alimwambia aingie chini ya ukingo?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nikasikia sauti inasema, "Nilimkataza."

Sikuwa nimepanga. Nilishtuka mwenyewe, kama mtu aliyesikia mwingine akiongea nyuma yake. Kama ungeniuliza sekunde moja kabla, ningekuapia kwamba mimi ni mtu msema kweli. Nilingoja sauti ile ijirekebishe. Haikujirekebisha. Ikaongeza: "Nilimkataza. Hakusikia." Bhoke akakaa chini sakafuni, na mimi nikabaki nimekaa juu kwenye benchi.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nikamwambia marehemu bibi yako. Nikamwambia Kapteni, akatikisa kichwa kwa huzuni na kulipia matibabu bila kuuliza zaidi. Kila nilipolisema neno lile lilikuwa linazidi kuwa laini, kama chembe za mchanga ule.

Marwa alipozinduka nilikuwa naye peke yangu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akauliza, "Ilikuwaje?"

Hapo nilikuwa na nafasi ambayo watu wengine hawaipati maisha yao yote. Mlango ulifungwa, hakuna shahidi, ni mimi na ndugu yangu. Nikasema, "Uliingia chini ya ukingo. Nilikukataza, mura, hukusikia."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Basi." Akageukia ukutani.

Nilimwuliza daktari kama mtu aliyepigwa vile anaweza kusahau yaliyotokea. Akaniambia ndiyo, inatokea, wengine hawakumbuki siku nzima. Ghati, nilimshukuru Mungu. Nilitoka nje ya hospitali nikasimama juani nikamshukuru Mungu kwamba ndugu yangu amesahau.

Kiwanja nilikimaliza mwenyewe. Ule mchanga tuliokuwa tumeshauchukua ulitosha. Ulitosha na ukabaki, fungu la kufika magotini mwako. Zile toroli mbili hazikuwa na kazi. Wageni wa Kapteni hawakuja Jumamosi ile. Walikuja mwezi uliofuata, wakacheza nusu saa, wakaingia ndani kwa sababu ya mbu. Na kijipira kilikwenda vizuri. Lazima nikuambie na hilo. Kilikwenda kimya, kimenyooka, na mimi nilisimama na ufagio wangu nikaona fahari kabla sijaona kitu kingine.

Siku moja nilimwuliza Kapteni, kama ningeweka ule mchanga wa juu uliochekechwa hovyo, ingekuwaje? Akacheka. "Mwita, mimi ni mzee, nacheza kupoteza muda. Nisingejua tofauti." Aliondoka na fimbo yake begani. Niliendelea kusugua zulia lile kila asubuhi kwa miaka minne, mpaka alipouza nyumba tukahamia huku Manchira.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu umekulia humo. Unajua Bhoke anavyomwita mumewe kichwa ngumu. Unajua kila mvua ikinyesha na paa likivuja anavyosema, "Ungesikia ulipokatazwa, leo ungekuwa unapanda juu kuziba." Mara ngapi amesema mbele yetu, na yeye Marwa anatabasamu anaangalia fimbo yake? Na mimi nakunywa chai. Wewe mwenyewe ukiwa darasa la tano uliandika insha ya shule kuhusu utii, ukamweka baba yako mdogo kuwa mfano wa asiyesikia. Mwalimu alikupa alama nzuri. Ulinisomea. Nilikwambia hongera.

Nimefika leo.

Marwa alikuja saa tatu kukuaga. Ulimpa shikamoo, ukamletea kigoda, akakataa akasimama na fimbo yake kama kawaida. Mimi nilikuwa namenya mihogo pale kwenye ngazi. Ukamweleza kuhusu chuo, kwamba mwaka wa kwanza mtajifunza udongo na misingi. Akafurahi. Akasema, nawe unakumbuka, ni saa chache tu:

"Vizuri. Sasa nikuambie kitu kimoja cha machimboni. Ukiwa na watu wanachimba, na mmoja akakuambia ameona ufa unaofuata ukingo, usimwulize maswali. Mtoe. Mimi niliuona ufa siku ile."

Kisu kilinianguka. Ulidhani nimejikata, ukasema, "Pole, baba."

*Mimi niliuona ufa.* Hakuna mtu duniani aliyejua kuhusu ufa ule ila mimi na yeye. Sikuwahi kuutaja kwa mtu yeyote. Kama anaukumbuka ufa, anakumbuka alishuka akaniambia. Kama anakumbuka aliniambia, anakumbuka nilichomjibu. Nilihisi ardhi ya uani inakaa chini taratibu, bila sauti, kama siku ile.

Na wewe ukacheka, kwa upendo wote, ukasema, "Lakini baba mdogo, si baba alikukataza?"

Akanitazama. Sikuweza kuyaondoa macho. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu. Nilingoja aseme. Nakuapia, kuna sehemu yangu iliyotaka aseme.

Akakugeukia akasema, "Ndiyo mwanangu. Alinikataza."

Akakushika kichwa, akakubariki, akaondoka. Mkaondoka na nyinyi. Mimi nilibaki na mihogo.

Kisha nikamfuata. Nilimkuta kwenye kinjia katikati ya mahindi, maana haendi haraka. Nikamwita. Hakusimama mara moja.

"Tangu lini unakumbuka?" nikamwuliza.

"Tangu nilipofungua macho."

"Uliniuliza ilikuwaje!"

"Nilitaka kusikia utakachosema."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu kama mtu anayeeleza habari za mbolea. "Nilipozinduka ulikuwa umeshawaambia wote. Ningesema nini? Ungefukuzwa. Mwenye kazi ulikuwa wewe, na mimi nina mguu mmoja. Nyumba mbili zingelala njaa."

"Na baadaye? Tulipohama? Kapteni hayupo, kazi haipo. Kwa nini?"

"Baadaye nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Wewe," akasema. "Mwaka wa kwanza nilingoja kila siku. Ukija kunisalimia nasema leo ndiyo leo. Halafu nikawa nangoja sikukuu, Krismasi, Pasaka. Mama alipofariki nilidhani utasema kaburini. Halafu nikaacha."

Mahindi yalikuwa yamesimama pande zote na hakukuwa na upepo. Nikamwuliza kuhusu leo, kwa nini aseme leo.

"Sikuwa nasema na wewe. Nilikuwa nasema na mtoto. Anakwenda kusomea mashimo."

"Sasa mbona umemwambia nilikukataza?"

Akanitazama kama ananionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Kesho anasafiri, kaka. Ulitaka aende na nini? Baba yake ni wewe."

Ghati, nimeishi nikidhani nimebeba siri. Kumbe aliyebeba ni yeye. Mimi nilikuwa nimepanda juu yake.

Sikuweza kurudi nyumbani. Nikaenda naye mpaka kwake. Bhoke alikuwa nje anachambua ulezi kwenye ungo. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla sijapoteza nguvu: "Shemeji, siku ile sikumkataza. Aliniambia kuna ufa. Nilimwambia aingie."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia. Akatoa jiwe moja, akalitupa. La pili, akalitupa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Siku alipotoka hospitali nilimwambia nimeolewa na mpumbavu. Akanijibu ndiyo. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Mlangoni."

"Ulikuwa unakula?"

Nikakumbuka. "Ndiyo. Nilikuwa nakula."

Akaweka ungo chini. Nilijiandaa kwa lolote, matusi, mchi, hata mawe. Hakuja kwangu. Alimwendea Marwa, akaanza kumpiga begani kwa ngumi zisizo na nguvu, moja baada ya nyingine, analia. "Miaka yote hii! Umeniacha nikutukane mbele ya watoto! Mbele ya watoto wako, Marwa!" Nilimsikia kwa mara ya kwanza akimwita kwa jina lake. Marwa akaachia fimbo ianguke. Akamshikilia yeye badala ya fimbo.

Nikasogea. Nilitaka kupiga magoti, kusema samahani. Bhoke akanigeukia. "Ghati anajua?"

"Hajui."

"Basi usije hapa na samahani yako kabla yeye hajajua. Huyo mtoto amelikariri neno lako kama sala. Kamweleze. Jioni tukija kula chakula cha kumuaga, utasimama useme tena, watu wote wakiwepo. Na useme kwa sauti."

Marwa akasema polepole, "Kaka, nenda nyumbani. Haya yaliyobaki ni ya kwetu wawili, mimi na Bhoke."

Nimekuja. Ndipo nikachana ile barua nyingine.

Nimeandika kwa sababu nikizungumza najijua: nitapunguza hapa, nitalainisha pale, nitasema tulikuwa na haraka, tulikuwa maskini, na ukingo ni ukingo. Kwenye karatasi nimelazimika kuliona kila neno. Sina fundisho la kukupa. Nilidhani katika umri huu ningekuwa nalo. Ninachojua ni kwamba uongo wangu haukunichukua hata pumzi moja kuusema, na ukweli umenichukua utoto wako wote. Na kwamba mtu anayekuambia ameona ufa hakudharau kazi yako. Mimi nilidhani ananidharau.

Insha yako ya darasa la tano, usijilaumu nayo. Uliandika ulichofundishwa nyumbani.

Utaniona tofauti sasa. Sikuombi usinione hivyo. Ukitaka kupanda basi kesho bila kunipa mkono, nitabeba begi lako mpaka kituoni vile vile. Ukitaka kuniuliza maswali, uliza yote, hata lile la kwamba nilisimama tu. Nitajibu.

Nasikia pikipiki. Mama yako anabishana na dereva kuhusu mahali pa kugeuzia, kwa hiyo ni nyinyi. Naziweka karatasi hizi juu ya mto wako. Mama yako naye nitamwambia sasa hivi, tukiwa sisi wawili, kabla chakula hakijaiva. Wewe funga mlango, soma mpaka mwisho.

Ukimaliza usije kwangu. Kinjia cha kwa baba yako mdogo unakijua. Nenda kwake kwanza. Mimi nitangoja.

Baba yako,
Mwita